Shati la Mngojo

Keti hapo kwenye benchi, nguo zako hazijakauka bado. Nitakachokusimulia ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa, ikasuuzwa na kuanikwa juani. Ukikuta humu uongo hata wa ukubwa wa tundu la kifungo, nikamate. Nitafua mashuka yote ya nyumba ya wageni kwa mikono hii, mikono iliyokwisha kustaafu sabuni, na sitafungua mdomo kulalamika. Nimeapa. Sogea kidogo, mvuke usikupige usoni.

Palikuwa na nyumba ya madobi, mlango mmoja unatazama barabara na mwingine unatazama uani. Mbele kulikuwa na kaunta, na juu yake bomba refu la chuma lenye nguo zilizokwisha kunyooshwa, kila moja na kitambaa chake cha jina. Katikati zilikaa meza za pasi. Nyuma, uani, matangi, mabeseni, na kamba zilizopita kutoka ukuta hadi ukuta. Mashuka yakianikwa, ua ule uligeuka nyumba nyingine ndani ya nyumba, nyumba yenye kuta nyeupe zinazopumua. Ungeweza kumtafuta mtu asubuhi nzima ukaambulia kuona miguu yake.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Dobi, mjane, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu. Mwanawe wa pili alipiga pasi, kijana mpole ambaye neno lake la kwanza la siku halikutoka mpaka pasi ipate moto. Alikuwepo pia baba mkwe wa Mama Dobi, dobi mstaafu, mzee mwenye sura nzuri, busara nyingi na heshima kubwa mtaani. Halafu kulikuwa na mke wa mpiga pasi, bibi harusi mpya kabisa, ambaye bado alikuwa anauliza sukari inakaa wapi. Huyo ndiye mwenye hadithi.

Nyuma ya meza za pasi, kwenye msumari, lilining'inia shati moja la buluu. Chafu. Vumbi limelala mabegani, kwapa zimekauka kama gome, na ukosi umechanika ukaning'inia upande mmoja kama sikio la mbwa. Mpiga pasi, kila akigeuka kuchukua nguo, alilikwepa bila kulitazama, kama mtu anavyomkwepa jamaa yake aliyesinzia kwenye kiti.

"Lile la nani?" mkewe alimuuliza siku za mwanzo.

"La kaka."

"Mbona halifuliwi?"

"Hilo liache."

Pasi ikapumua, fuuu, na mazungumzo yakaishia hapo. Bibi harusi akadhani anaambiwa, si leo.

Sasa asubuhi moja Mama Dobi amekwenda nyumba ya wageni kuchukua mashuka, mpiga pasi amepeleka mapazia kwa mteja, bibi harusi yuko peke yake kaunta. Akaingia karani mmoja mwenye miwani, kafuata suruali yake. Akachungulia ndani.

"Jamani! Nimeleta nguo zangu kwa dobi au kwa fundi magari? Lile shati lina umri gani? Likiota meno litatuuma!"

Waliokuwa kwenye benchi, hapo hapo ulipokaa wewe, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwanamke mmoja akaongeza, "Bibi harusi, umeolewa na mtu au na lile shati?"

Masikio ya bibi harusi yakawaka moto. Alitoka kwao akisifiwa usafi. Mama yake alikuwa mshoni, na yeye mwenyewe sindano ilimkaa mkononi kama kucha. Watu walipoondoka, akalishusha shati msumarini. Lilikuwa zito kuliko shati. Akaliloweka, maji yakawa ya chai, akayamwaga. Akaliloweka tena, akalisugua kwapa kwa upole, akalitia bluu ya kufulia, akalisuuza mpaka maji yakatoka yalivyoingia. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatafuta uzi wa rangi ile ile na kuushona ukosi kwa mishono midogo, midogo, ambayo hata sisimizi angeivuka bila kujikwaa.

Akalianika katikati ya mashuka. Jua likalishika, upepo ukaingia kifuani mwake, mikono ikajaa na kuinuka. Kwa kitambo bibi harusi alisimama pale akaliangalia, na ikawa kama mtu mwepesi sana, mwenye adabu, amesimama mbele yake anataka kuuliza njia. Akatabasamu. Aliona amefanya jambo.

Mama Dobi aliingia uani na furushi kichwani, akapenya shuka moja, akapenya la pili. Furushi likaanguka.

"Nani kashusha lile?"

"Mimi, mama. Wateja walikuwa wanacheka, nikaona..."

Mama Dobi akaugusa ukosi. Akaupitisha kidole taratibu kutoka ncha hadi ncha, akitafuta mahali palipochanika. Hakupaona.

"Umegusa mngojo," akasema. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyotisha. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

*

Mpiga pasi aliporudi na kusikia, alikaa chini palepale, pasi ikiwa bado baridi.

"Nilikwambia uliache."

"Uliniambia liache kama mtu anavyoambiwa aache mlango wazi! Mngojo ni nini?"

"Ni mwiko wa nyumba hii. Nguo ya aliyesafiri haifuliwi mpaka arudi. Ukiifua..." Akatazama mikono yake. "Unamfuta njiani."

"Nani kasema?"

"Tumekua tukisikia hivyo. Kaka aliondoka sijaota ndevu. Hapigi simu, haandiki. Kilichokuwa kimebaki ni lile."

Bibi harusi akageuka kuangalia uani, na mchana ule mweupe akamwona shemeji yake asiyemjua, anatembea barabara ndefu, anapauka kidogo kidogo, kwanza masikio, kisha viganja, mpaka nyuma yake miti ikaonekana. Akafumba macho.

Jioni Mama Dobi alikula chumbani. Kesho yake hivyo hivyo. Alipotoka, hakumsalimu bibi harusi wala hakumtukana, alimpita tu, kama yeye ndiye shuka. Siku iliyofuata akampa mwanawe ujumbe, mkewe akiwa hatua chache tu anasikia kila kitu.

"Mwambie mke wako akawasalimie kwao. Akapumzike kidogo."

Hakuna asiyejua maana ya kumwambia mke akawasalimie kwao bila kumwambia arudi lini. Bibi harusi akaenda kutoa begi lake juu ya kabati. Vitambaa alivyokuja navyo vilikuwa bado na mikunjo ya kwao.

"Na wewe huna la kusema?" akamuuliza mumewe.

"Ni mama."

"Naona. Na mimi ni nani?"

Pasi haikupata moto siku ile.

*

Mtu akikosa pa kwenda ndani ya nyumba ya wakwe, huenda kwa babu, maana babu ana utani, na kwenye utani mtu anaweza kulia asionekane. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake kando ya tangi, anang'aa kwa busara kama nilivyokwisha kusema.

"Mke wangu," akamwita, "mume wako mdogo kakuudhi? Hamia kwangu. Meno sina, kwa hiyo sitakula sana."

"Babu, kesho naondoka. Niambie tu, mngojo umetoka wapi? Nataka nijue nimevunja nini."

Mzee akakohoa, akatengeneza shingo.

"Babu wa babu yangu alisafiri. Mkewe alikuwa msafi kupindukia, akafua shati aliloliacha nyumbani. Basi kule njiani mtu akaanza kupauka! Alipofika kwao, mweupe kama foronya, mwepesi, upepo unampeleka. Mkewe akamkuta mlangoni, akamkunja mara nne, akamtia kabatini."

"Babu!"

"Nakwambia! Mpaka leo kabati lile likifunguliwa, kuna mtu anakohoa."

Bibi harusi akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Mzee akaona amekosea pa kuanzia, akaushusha mkono wake magotini.

"Sikiliza, sasa nasema kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kuondoka nyumba hii, nikakaa mbali muda mrefu. Niliporudi, nikakuta shati langu pale msumarini kama nilivyoliacha. Bibi yako hakulifua. Alilihifadhi kwa ajili ya harufu yangu, mjukuu wangu. Kila jioni aliweka uso pale. Nililia kama mtoto. Mngojo ni hivyo: mtu anakungoja na pua yake."

Bibi harusi akainama. Sasa alijua alichokivunja. Alikuwa ameimwaga mtaroni harufu ya mwana wa mtu.

*

Mashuka ya nyumba ya wageni hayajui kama kuna msiba au harusi. Asubuhi Mama Dobi alikuwa uani, amenasa. Shuka kubwa la kitanda cha watu wawili halikamuliwi na mtu mmoja. Alikuwa ameshika ncha moja, nyingine inaburura sakafuni.

Bibi harusi akatoka na begi lake, akaliweka chini, akaokota ile ncha nyingine bila kuulizwa. Wakalivuta. Mmoja akasokota kuume, mwingine kushoto. Maji yakaanza kutoka.

"Mama, nisamehe. Sikujua. Ningejua kwamba unaitunza harufu yake..."

Mama Dobi akaacha kusokota. "Harufu?"

"Ya shemeji. Kwamba ukiweka uso pale..."

"Mwanangu, ulilinusa lile shati? Nani anaweka uso pale! Nani kakwambia mambo hayo?"

"Babu."

"Aaa!" Mama Dobi akatazama juu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile pembe ya mdomo wake ikatikisika. "Sokota, sokota, usilegeze. Nikwambie. Mngojo ni neno la kazi. Nguo ikiletwa imechanika, au ina doa ambalo mwenyewe anabisha, huigusi. Ukiifua tu, atakuja aseme umechana wewe. Unaitenga. Hapa palikuwa na lundo la leo, lundo la kesho, na lundo la mngojo: nguo zenye kesi, zinamngoja mwenyewe aje azione zilivyo. Basi. Hakuna mtu anayefutika njiani."

"Na shati la babu?"

"Babu yenu aliondoka hapa bila kuaga baada ya kumwambia mkewe uongo mmoja mkubwa kuliko vipimo vyake vya kawaida. Mama mkwe akalitupa shati lake kwenye mngojo. Wateja wakiuliza, anasema, lina kesi hilo, akirudi atalifua mwenyewe. Alikuwa na hasira mpaka sabuni haitoi povu! Mzee akarudi, akaliona, akapiga magoti analia, kumbe ulikuwa unaningoja! Mama mkwe aliniambia, 'Mwanangu, nilimtazama anavyolia, nikaona nikisema ukweli nitaua kitu kilichozaliwa sasa hivi. Nikanyamaza. Na ile hasira sikuiona tena, sijui iliondokea wapi.' Aliniambia hapahapa, kashika ncha hiyo uliyoshika wewe."

Nyuma ya shuka la jirani palikuwa na miguu ya mtu mwenye heshima zake, lakini hayo si ya kutajwa. Itoshe kusema miguu ile ilisahau ilikokuwa ikienda.

"Kwa hiyo la shemeji nalo..." bibi harusi akasema polepole.

"Lina kesi." Mama Dobi aliikazia macho kamba ya maji iliyokuwa ikitoka kwenye shuka. "Suti ya mteja iliungua mgongoni. Nikasema ni yeye, mbele ya watu. Akaniambia, mama, si mimi. Nikamkamata ukosi, nikamtikisa, ukachanika. Mtu mzima, mwanangu, amenipita urefu, na nikamtikisa kama zulia. Akalivua shati, akaliweka juu ya meza, akavaa jingine, akatoka. Siku chache baadaye pasi ile ile ikaunguza nguo mikononi mwangu. Ilikuwa mbovu, inapanda moto yenyewe."

Shuka lilikuwa limeishiwa maji sasa, lakini hakuna aliyeachia.

"Wanangu walipoanza kusema ni mwiko wa kungoja, nikaacha waseme. Lakini mimi nilitaka aje alikute nilivyolichana. Asije akasema mama amejisafisha."

"Na mimi nikaushona."

"Ukaushona, tena vizuri. Nilitafuta mahali pale kwa kidole nikapakosa. Ndiyo maana nikashindwa kukutazama."

Bibi harusi akaliweka shuka kwenye beseni. Akaenda kwenye kamba, akaliteremsha shati la buluu, akachomoa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Nifumue, mama?"

Mama Dobi akaushika ule ukosi.

"Mama, kesi ya nguo huishaje?"

"Mwenyewe anakuja, anaona, tunasemezana."

"Na akichelewa sana?"

"Akichelewa sana..." Dobi ndani yake akajibu kabla ya mama. "Nguo ya mtu haikai chafu milele. Inafuliwa, inanyooshwa, inatundikwa mbele. Doa au tundu unaliacha lionekane, akija kubishana abishane."

Kisha akanyoosha mkono. "Fumua."

Bibi harusi akafumua mshono mmoja mmoja, na kila uzi ulipotoka, ukosi ukajifungua tena. Alipomaliza, Mama Dobi akaichukua ile sindano. Akatafuta uzi, akachagua mweupe, mnene, wa kushonea magunia ya nguo. Alishona kama anavyoshona mtu anayejua kufua tu: mishono mirefu, imepinda, mmoja umeruka. Mtu angeiona kutoka ng'ambo ya barabara.

"Akija," akasema, akikata uzi kwa meno, "ajue ni mkono wa nani."

Wakaingia ndani pamoja. Mpiga pasi alikuwa amesimama na begi la mkewe mkononi, aliloliokota uani, hajui alipeleke wapi, maana mtu huyo huokota kitu kwanza ndipo afikiri.

"Mama," akasema, "kama anakwenda, namsindikiza. Na sijui narudi lini."

Lilikuwa neno lake refu kuliko yote ya mwaka ule. Mama Dobi akamwangalia juu mpaka chini.

"Rudisha begi la watu juu ya kabati. Halafu washa pasi."

Mama Dobi akalinyoosha lile shati mwenyewe: mgongo, mabega, mikono, na ukosi mwisho kabisa, akizunguka mishono yake bila kuilaza. Akaandika kitambaa cha jina. Bibi harusi akapanda kwenye kiti, akalitundika mbele kwenye bomba, kati ya nguo za watu wanaotarajiwa leo na wanaotarajiwa kesho. Msumari kule nyuma ukabaki mtupu. Mpiga pasi mpaka leo anaukwepa.

*

Sasa sikia mwisho wake. Alasiri moja ya manyunyu, barabara inang'aa kama imepigwa wanga, akaingia mwanamume mrefu, mabega yameloa. Akatazama nguo zilizotundikwa, moja baada ya moja, mpaka macho yakafika kwenye ule uzi mweupe. Akasimama. Mama Dobi akatoka ndani na mvuke nyuma yake. Yule mtu akaunyooshea kidole ukosi, akasema, "Mama, nani kakufundisha kushona?" Akalitwaa shati, akalivaa palepale, likamwenea, akaketi kwenye benchi hilo na...

"Babu."

Ngoja kidogo, mteja. Huyu ni mkwe wetu, bibi harusi mwenyewe.

"Babu, kama alilitwaa, akalivaa, likamwenea, lile pale juu ni la nani?"

Na wewe mteja umegeuka kuangalia. Ndiyo, lile la buluu. Ndiyo, lenye uzi mweupe. Mbona una macho makali hivyo, kumbe miwani ni ya urembo?

"Ni mwishoni tu nimepunguza njia," nikasema. "Atakuja."

"Kusema atakuja si kusema amekuja." Huyo sasa ni Mama Dobi mwenyewe, amesimama kwenye mlango wa uani na beseni kiunoni. Hana hasira. Anatazama lile shati. "Mzee, uliapa nini leo? Maana nilisikia kiapo."

"Tundu la kifungo," mkwe akadokeza, mdomo umemjaa kicheko. "Na mashuka yote."

"Yote?"

"Yote, mama. Na hatalalamika."

Haya. Mwanamume ni ahadi. Nimekunja mikono ya kanzu ya ustaafu wangu, nimeinamia tangi huku uani ulikonifuata, na maji ni ya baridi kama fitina. Mkwe kanisogezea kigoda, kainama sikioni kwangu.

"Babu, ile miguu nyuma ya shuka. Iliumia iliposikia?"

Nikasugua kwanza.

"Mke wangu, bibi yako siku ile niliporudi aliniachia nilie mpaka nikamaliza. Kisha akanipa beseni. Nikalifua lile shati mwenyewe, yeye akinimiminia maji. Hilo huwa nalisahau nikisimulia."

Akachukua kopo, akaanza kunimiminia.

Basi tuko hivyo, mimi nasugua, yeye anamimina, Mama Dobi anaanika, mashuka yanavuta pumzi, ndipo kule mbele kaunta mtu akapiga hodi. Sauti ya kiume. Kopo likasimama hewani. Mama Dobi akabaki na shuka mikononi, nusu kwenye kamba, nusu begani. Hodi ikarudi. Akaliachia shuka likaanguka, akaenda, na kuta nyeupe zikajifunga nyuma yake.

Usiniulize ni nani. Mimi leo nafua tu.